Lami Hadi Getini

"Mbuzi hawawezi kupokewa kwa chumba ya pasi," Kihara alisema. "Hata wewe unajua."

Mugure hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye kola ya shati jeupe la mwalimu, na kola haitaki mtu wa kubabaika. Alipitisha ncha ya pasi ya makaa kutoka kona moja hadi nyingine, akaigeuza kola, akanyunyiza maji kwa vidole. Mvuke ukapanda kati yake na shemeji yake, na kwa muda huo mfupi alipata nafuu ya kutomwona.

"Ruracio itakuwa Dundori," Kihara akaendelea. "Kwa boma ya baba. Kuna nafasi, kuna nyasi, kuna wazee. Hapa gari itapita wapi? Hii kinjia yako ikinyesha ni matope, jua ikiwaka ni vumbi. Wageni watoke Njoro na suti zao waje kuzama hapo? Unataka tuchekwe?"

Ruracio ni ile siku ukoo wa mvulana unapoleta mahari nyumbani kwao msichana. Neno la kuangalia hapo ni nyumbani. Mahali mbuzi wanapofika ndipo watu watakaposema, miaka yote ijayo, kwamba msichana alitoka. Kihara alilijua hilo. Mugure alilijua zaidi, maana nyumba hii ya mabati hapa Section 58, yenye chumba cha pasi ubavuni na kijia cha udongo kinachoshuka hadi barabarani, ndimo alimomlea binti yake Kui peke yake tangu mumewe Kamande alipofariki na mtoto akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu.

Juma lile la mazishi Kihara, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na pikapu yake kuhamisha vyombo vya Mugure kuvipeleka Dundori. Mugure alikalia kitanda. Alikikalia tu, hakutukana mtu, hakulia, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka kubeba kitanda pamoja na mjane wake, pikapu ilirudi tupu. Tangu siku hiyo Kihara alikuja Section 58 kama mtu anavyokwenda kung'oa jino.

"Kui ni mama yangu," Kihara alisema sasa, na sauti yake ililegea kidogo. Hakuwa anatia chumvi. Kui alipewa jina la nyanyake, mamake Kihara, na tangu akiwa mchanga Kihara hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila maitu, mama. "Mama yangu ataolewa kutoka kwa kona ya mtaa? Kama mtu hana kwao?"

Hapo pasi ilisimama. Mwenye kupiga pasi akisimamisha pasi juu ya shati jeupe, jua moyo wake umekwenda mbali. Mugure aliiinua kabla haijaunguza, akaiweka kwenye kigae.

"Gari itapita, Baba Njeri," alimwambia Kihara.

"Itapita juu ya nini?"

"Juu ya lami."

Ukweli ni kwamba hadi neno hilo lilipomtoka mdomoni hakuwa amewahi kufikiria lami. Lakini likishatoka, alilipenda. Kihara alicheka hadi akalazimika kushika fimbo yake kwa mikono miwili. Mugure alimngoja amalize, akamfungia koti lake alilokuja kuchukua, akamsindikiza hadi getini.

*

Vumbi la Nakuru si vumbi la mchezo. Februari linapanda lenyewe, jepesi, la kijivu, linaingia hadi ndani ya sukari. Kwa mtu anayepiga pasi nguo nyeupe za watu, vumbi ni adui anayelala naye nyumba moja. Kila gari lililopita barabarani lilimwaga kiasi chake kwenye kijia, na kila upepo ulikibeba kiasi hicho hadi kwenye kamba za Mugure. Alikuwa amerudia kufua majoho ya kwaya mara nyingi kuliko kwaya ilivyojua. Kwa hiyo alipokata kauli juu ya lami, hakuwa anamkomoa Kihara peke yake. Alikuwa na hesabu ya zamani na udongo wenyewe.

Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Pesa hizo alikuwa amezipangia mabati ya jikoni. Aliangalia juu, akaona matundu, akayaambia yasubiri mvua nyingine.

Kui alipiga simu kutoka Kamere, kule anakofanya kazi ya kupanga maua kwenye kampuni kando ya ziwa.

"Mum, ati lami? Si tu-book tu hoteli hapo town? Kang'ethe ndiye anaoa na hata hana shida. Watu wanafanya hivyo siku hizi."

"Hoteli ni ya mwenyewe."

"Na Dundori je? Si uncle amesema atachinja?"

"Kui, wewe ulilelewa wapi?"

Nyuma ya Kui zilisikika sauti za wasichana wa maua wakicheka.

"Hapo kwa pasi," Kui alisema mwishowe, polepole.

"Basi hapo ndipo watakuja."

Kumtafuta kontrakta alikufanya kwa njia yake. Hakuuliza matajiri ni nani aliwawekea lami. Aliwauliza mabawabu wao, wale wanaomletea sare za kazi kila Jumatatu, maana bawabu ndiye anayekanyaga hiyo lami usiku kucha na kuona maji yanasimama wapi. Watatu walimtajia mtu mmoja. Oduor, walisema, anachelewa kufika, anaongea sana, lakini lami yake haing'oki.

Oduor alichelewa kufika. Alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa buti zilizogeuka nyeusi kabisa. Alikipima kijia kwa hatua zake, akatema mate pembeni kwa adabu.

"Mathe, nikuambie ukweli. Hii ni kazi ndogo ya cabro. Weka cabro, hizo tofali za simiti, inakaa poa, hata ni smart."

"Cabro unajaza mchanga katikati. Mchanga ni nini kama si vumbi?"

"Sawa. Hiyo pia ni ukweli." Akajikuna shingo. "Lakini lami nitaletea hapa na lori, roller, wafanyikazi, na hii ni kanjia kamoja tu. Lami ya moto si mandazi, ati ununue mbili."

"Kuna mahali unaenda na lori hiyo juma lijalo?"

Oduor alimtazama upya. "Kuna compound ya kanisa huko juu. Alhamisi."

"Basi lori ikitoka kanisani ipitie kwangu ikiwa bado ina moto."

Wakabishana kidogo, kwa raha, kama wafanyavyo watu wawili ambao tayari wamekubaliana. Jumatatu vijana wa Oduor walichimbua udongo, wakapanga mawe, wakamwaga changarawe ya murram, wakaimwagilia maji na kuishindilia kwa kile kirola kidogo ambacho mtu hutembea nyuma yake kama anachunga ng'ombe. Wateja waliokuja na nguo zao walipita pembeni wakishika ua wa kayaba. Chelagat, jirani anayeuza maziwa, alisimama na wilibaro yake ya madebe akiangalia.

"Mama Kui, sasa hata sisi tutakuwa tunatembea kwa lami tukija kwako?"

"Utavua viatu kwanza."

"Nitavua hata soksi," Chelagat akasema, wakacheka, na Mugure akagundua kwamba hajacheka hivyo kwa siku nyingi.

*

Alhamisi lori lilifika likiwa limefunikwa turubai, likitoa moshi mwembamba na ule ukali wa lami unaokaba koo. Lilipinda kutoka barabarani, likasimama. Mdomoni mwa kijia, imelazwa kwa upana kama gogo, ilikuwapo pikapu ya Kihara, imejaa magunia ya viazi. Kihara mwenyewe alikuwa ndani, vioo vimefunguliwa, kofia kichwani, ametulia kama mtu aliye kanisani.

"Mzee, tunaomba njia," Oduor alisema.

"Hakuna njia. Hii ardhi ilinunuliwa na ndugu yangu. Hakuna mtu anaweka kitu kwa ardhi ya Kamande kabla ukoo haijakaa."

"Mzee, mimi sijui mambo ya ukoo. Mimi najua hii kitu inapoa. Ikipoa inakuwa mawe, na mawe hatuwezi kuiwasha tena."

"Basi ipeleke ikapoe mbele."

Oduor alimgeukia Mugure, ambaye alikuwa ametoka na aproni yake na kitambaa cha kushikia pasi kikiwa bado mkononi. "Mathe, hii ni familia. Mimi siingilii. Uniambie tu, nirudi nayo?"

Mugure alienda hadi kwenye lori akaweka kiganja ubavuni mwa chuma. Joto lilimpiga, akaliacha limpige. Ghadhabu iliyompanda haikuwa ya siku hiyo. Ilikuwa ile ya kitanda, iliyokaa miaka yote bila kupata pa kutokea, na sasa alihisi inamfika hadi kwenye meno. Alitazama nafasi kati ya bampa ya pikapu na ua wa kayaba. Mtu angepita hapo. Mtu na wilibaro.

"Chelagat!" aliita. "Leta wilibaro!"

"Na maziwa?"

"Shusha!"

Ikaja ya Chelagat. Ikaja ya mwenye duka la makaa. Fundi wa nyumba iliyokuwa ikijengwa mtaa wa pili alikuja na mbili na vijana wake, si kwa wema bali kwa sababu suruali yake ya Jumapili ilikuwa kwa Mugure na alitaka kuipata. Vijana wa Oduor walipanda kwenye lori na sepetu.

"Mnaanzia kwa geti," Mugure alisema. "Mnakuja mkishuka."

"Hapana, mathe." Oduor alitikisa kichwa. "Sisi tunaanzanga barabarani, tunamalizia na geti. Ndio level itoke vizuri pale mwisho. Ukianzia juu unaweza kosa hesabu."

"Leo anzia kwa geti. Ukianzia hapa chini unamwaga wapi, kwa mapaja yake?"

Oduor aliangalia lori, akaangalia jua, akaangalia pikapu. Akanyanyua mabega.

Basi wilibaro zikaanza kupita pembeni mwa Kihara moja baada ya nyingine, zikifuka moshi, zikikwaruza ua, kila mpitaji akimwamkia kwa heshima zote. "Habari ya saa hizi, mzee." "Shikamoo, mzee." "Tunapita tu, mzee." Hayupo mtu anayeweza kukasirikia salamu, na Kihara aliitikia zote, uso umekunjamana. Huko juu lami ilimwagwa mbele ya geti lililofungwa, ikasambazwa kwa reki, kirola kikaja juu yake. Ukanda mweusi ukaanza kuteremka kuelekea barabarani. Mugure aliposimama kuutazama ulivyokuwa ukilala chini, umenyooka, bila kunjo, alijisikia kulia, akajikaza. Alikuwa na kazi.

Baada ya saa sita mchana lami ilifika kwenye pikapu. Kijana mmoja alimwaga wilibaro ya mwisho karibu kabisa na gurudumu. Moshi ukaingia dirishani. Oduor aliinama kwa upole.

"Mzee, tumefika kwako."

Kihara alivuta kofia usoni. Mugure alikuja na sepetu begani, uso umejaa masizi, aproni haifai tena hata kwa kupangusia.

"Unaweza kubaki, Baba Njeri," alisema. "Hakuna shida. Tutakuzungushia."

Akajaza sepetu, akaitua lami ikifuka chini ya bampa. Kitu cha plastiki huko chini kilianza kunuka. Kihara alimtazama. Machoni mwake hapakuwa na hasira tu. Palikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyejaribu mlango aliodhani anaujua. Kisha akawasha injini. Lori likasogea, pikapu ikarudi nyuma ikiyumba na viazi vyake, na gurudumu la mbele likachora mstari mweusi barabarani hadi kwenye kona. Watu walipiga vigelegele. Chelagat alicheza na wilibaro tupu.

*

Jioni hiyo, kazi imekwisha na vijana wamenawa mikono kwa mafuta ya taa, Mugure alitaka kufanya jambo moja tu. Alitaka kulifungua geti lake lote, mabawa yote mawili, na kuiangalia lami kutoka mlangoni mwa nyumba hadi barabarani kwa mkupuo mmoja. Alivuta komeo, akasukuma.

Geti halikwenda. Akasukuma kwa bega, likalia tu, halikwenda.

Geti la Mugure lilifunguka kwa nje, maana ndani chumba cha pasi kiliziba nafasi. Na sasa mbele yake, imepita chuma cha chini cha geti kwa kimo cha vidole viwili, ilikuwapo lami, ngumu, safi, imeshindiliwa. Kijimlango kidogo cha watu, kile kilichokatwa katikati ya bawa la kulia, kilifunguka vizuri. Lakini ni cha mtu mmoja, na huyo mmoja lazima ainame.

Oduor alishika kichwa. "Aki mathe. Si nilisema?"

"Ulisema," Mugure akakubali. Kosa lilikuwa lake na hakumtafutia mwenzake. Lilimuuma hata hivyo, tena vibaya, kama kuunguza shati kwenye mkono wa mwisho.

"Ni kitu kidogo. Fundi wa welding anakata hapa chini, kipande tu, dakika kidogo. Kesho asubuhi namleta."

Saa ileile stima ikapotea, mtaa mzima.

Asubuhi haikuwa imerudi. Watu walisema ni transfoma. Fundi wa welding alikuja na mashine yake ya kukata, akauangalia waya wake, akaukunja tena. Jenereta alikuwa nayo, alisema, lakini aliikodisha kwa watu wa matanga huko Subukia na haitarudi kabla ya Jumapili. Ruracio ilikuwa Jumamosi.

Simu ya Kihara ilikuja kabla chai haijapoa. Mtaa una midomo.

"Nasikia umejifungia na lami yako mwenyewe," alisema. Hakucheka safari hii. Alizungumza kama mzee wa ukoo. "Wageni watapitia kale kamlango, wakiinama mmoja mmoja, kama watu wanaenda kuona mfungwa? Na mbuzi je? Mama Kui, mambo yamekuzidi, kubali. Nimeongea na msemaji wa akina Kang'ethe. Nimemwambia kama leo jioni hiyo geti haijafunguka, waje Dundori. Amekubali. Ni haki."

"Ni haki," Mugure alisema, akakata simu, akakaa chini.

Hakukaa sana. Stima ikipotea Section 58, kila pasi ya umeme inageuka kuwa chuma tu, na watu wote wanakumbuka kwamba kuna mama wa makaa. Walikuja na suti za harusi, sare za shule, gauni la mtu anayekwenda mahojiano ya kazi. Walipita kwenye kijimlango wakiinama, mikono imejaa nguo, na kila mmoja akasifu lami. Mugure aliwasha makaa akapiga pasi. Mkono ulijua kazi yake, kichwa kikawa huru kuzunguka. Aliona aibu itakavyokuwa: Kui akitokea kwenye boma ambalo hakuwahi kulala hata usiku mmoja, watu wakisema Dundori wamefanya vizuri, Dundori wamelea. Na yeye amekaa nyuma na wapishi.

Alikuwa kwenye koti la mtu, na kifungo kikubwa cha shaba kikawa kinamzuia. Alifanya alichofanya siku zote. Alichukua mkasi, akakata uzi, akakiweka kifungo pembeni, akapiga pasi pale penye kunjo. Kifungo angekirudisha baadaye. Alikuwa na sindano mdomoni alipokitazama tena pale mezani, na akaitoa.

"Oduor!" alipiga kelele, kwani Oduor, tuseme haki yake, alikuwa amekuja na alikuwa amekaa nje kwenye jiwe ameshika tama. "Hiyo geti inatoka?"

"Kutoka aje?"

"Kutoka. Yote. Kwa bawaba."

Oduor alisimama. Alitazama bawaba, aina ile ya pini, ya kuinua tu. Alitabasamu polepole.

Mzee Jamleck aliitwa kushuhudia. Alikuwa rafiki wa Kamande tangu walipokuwa wakilala chumba kimoja wakitafuta kazi, na ndiye aliyekubali kuwa msemaji wa nyumba siku ya ruracio, baada ya kuombwa mara mbili na kukataa mara moja. Alipoona mitaimbo ikiingizwa chini ya mabawa, alivua miwani.

"Mama Kui, ngoja. Ruracio bila geti? Wageni wanafika, geti imefungwa, wanaimba, wanabembeleza, mnawauliza wametoka wapi na wanatafuta boma ya nani. Si hivyo ndiyo kuingia? Ukitoa geti, watabisha wapi?"

"Watabisha tu, mzee."

"Wapi?"

"Bado sijajua," Mugure alisema. "Lakini hawatainama."

Geti lilipanda likilia, bawa la kwanza, kisha la pili, likaegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha pasi. Na hapo ndipo Mugure alipopata alichokuwa amekitaka. Kutoka mlangoni pake hadi barabarani hapakuwa na kitu kilichosimama. Ilikuwa lami tu. Aliipiga picha, akamtumia Kui, na Kui akaituma kwa akina Kang'ethe. Jua lilikuwa linaelekea kuzama jibu lilipokuja, na Mugure alilisoma mara tatu kabla ya kuliamini. Msemaji alisema wameiona njia. Wanakuja Section 58.

*

Jumamosi stima ilirudi asubuhi na mapema, wakati hakuna tena mtu aliyeihitaji.

Chelagat ndiye aliyelimaliza lile la kubisha. Alifika na gauni lake la kijani, akasimama pale geti lilipokuwa, akanyoosha mikono. "Mimi ni bawa moja," alisema. "Wimbo yenu siijui, lakini kusimama najua." Akina mama wa kwaya, waliovaa majoho aliyoyapiga pasi Mugure usiku uliopita, walijipanga wakashikana mikono kutoka nguzo hadi nguzo. Mugure alisimama katikati, mkono mmoja kwa Chelagat. Nyuma yao Jamleck alikaa kwenye kiti na fimbo yake, akijifanya kwamba mambo haya aliyapanga yeye.

Mtu wa kwanza kutokea hakuwa mgeni wa Njoro. Alikuwa Kihara, peke yake, kwa miguu. Pikapu alikuwa ameiacha ng'ambo ya barabara. Alivaa lile koti Mugure alilomnyooshea, na fimbo yake ya mzee ilikuwa mkononi. Alipanda polepole juu ya lami, akiitazama kama mtu asiyetaka aonekane akitazama. Jua lilikuwa kali. Kila alipoegemea fimbo, ncha yake ilizama kidogo.

Alifika mbele ya akina mama akasimama. Hakuna aliyesogea.

"Mama Kui. Nimekuja."

"Karibu. Umetoka wapi?"

Kope za Kihara zilicheza. Alilijua swali hilo. Alikuwa ameliuliza yeye mwenyewe kwenye maboma mengi, na maboma yote hayo yalikuwa ya wengine.

"Nimetoka Dundori."

"Unatafuta boma ya nani?"

"Ya Kamande," alisema Kihara. "Ndugu yangu."

Jina hilo lilimchoma Mugure. Lilikuwa kweli, na Kihara hakulitumia kama silaha. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa kitambo Mugure alitaka kuachia mikono na kumwacha apite. Kisha akakumbuka kitanda.

"Kamande alituacha, Baba Njeri. Ni boma ya nani iliyobaki?"

Kutoka barabarani honi zikaanza kulia, nyingi kwa pamoja, na nyimbo za wanawake wa Njoro zikasikika juu ya honi. Gari la kwanza lilipinda, likakanyaga lami, likaja taratibu bila kutimua hata chembe. Kihara alitazama nyuma. Mbele yake walikuwapo wenye nyumba na nyuma yake wageni, na yeye yuko katikati. Aliegemea fimbo yake kwa uzito wote.

"Ni ya Mama Kui," alisema.

"Hatujasikia!" Chelagat akadakia.

"Ni ya Mugure!" Kihara akasema kwa nguvu, na mama mmoja wa kwaya akatoa ukelele mwembamba, akaukatiza.

Mugure na Chelagat waliinua mikono yao iliyoshikana. Hawakuiinua sana. Waliiinua kadiri ya kile kijimlango kidogo, ambacho sasa kilikuwa kimeegemea ukutani pamoja na bawa lake. Kihara aliitazama nafasi hiyo. Nyuma ya akina mama Jamleck alianza kukohoa, akaacha.

Kihara alivua kofia, akainama, akapita.

Mikono ikashuka, mstari ukafunga. Nyimbo za Njoro zilikuwa zimefika karibu sasa, na akina mama walianza kujibu, Chelagat akifungua mdomo na kuufunga kama anayejua maneno. Mugure aliangalia chini. Pale Kihara alipokuwa amesimama fimbo ilikuwa imeacha tundu dogo la mviringo kwenye lami, bado laini ukingoni. Alilizungushia ncha ya kiatu chake. Jua lingeendelea kuwaka siku nzima, na angeweza kulisawazisha kwa mguu mmoja kama angetaka. Akauondoa mguu, akainua kichwa, akaimba.